Haoni, Hatajua

Nyumbani kwetu birika lina mahali pake. Linakaa kushoto kwa jiko, mkono wake umeelekea dirishani, na ole wake atakayeligeuza. Viti vinarudishwa chini ya meza kila mtu akinyanyuka. Viatu haviachwi mlangoni, vinapangwa kwenye rafu. Milango ama imefungwa kabisa ama imefunguliwa kabisa, kwa sababu mlango ulioachwa nusu wazi umeshampasua baba paji la uso mara mbili. Baba yangu haoni. Aliugua macho akiwa na miaka tisa, na tangu hapo anavijua vitu kwa mahali vilipo.

Askari wa sheria hizo ni mimi. Nina miaka kumi na mitatu na, nikiri mapema, hasira zangu ziko karibu. Ndiyo maana nyumba nzima inaniita Mkizi, kwa ile methali ya hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Mwezi uliopita mama mdogo alikuja kututembelea, akaacha ndoo katikati ya njia ya kwenda bafuni. Nilimfokea mpaka mama akanivuta mkono.

"Huyo ni mama yako mdogo! Unamfokea kama mtoto mwenzako?"

"Na yeye asimhamishie baba vitu!" nikajibu. "Mtu asiyeona humhamishii vitu vyake!"

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu hiki hiki. Mama alinifanya niombe radhi, nikaomba huku nimenuna.

Kila asubuhi baba hunywa chai huku simu ikimsomea. Simu yake ina sauti inayosoma chochote kilichoandikwa kwenye kioo, tena inasoma mbiombio hata wageni hudhani imeharibika. Baba anaelewa kila neno. Anatelezesha kidole, inasoma. Anagonga mara mbili, inafungua. Yeye ni mpokea simu wa hospitali. Kila siku kabla ya kazi hutumiwa orodha ya zamu: daktari gani yupo, wa upasuaji ni nani, namba zao ni zipi. Huisikiliza mara mbili tu, akaishika. Mtu akipiga analia kwamba mtoto wake amemeza kitufe, baba anajua pa kumwunganisha kabla hajamaliza kulia. Ameikalia meza ile miaka kumi na sita.

Jumatano moja, katikati ya orodha ya zamu, simu ikasema: "Mfumo mpya wa simu uko tayari. Sakinisha sasa, au baadaye."

"Baadaye," baba akasema, akagonga.

"Kwa nini baadaye?" nikauliza.

"Kwa sababu huu si ule mdogo wa kutia viraka. Huu ni mkubwa, unabadilisha kila kitu. Mwache Shangazi Kengele aujaribu kwanza."

Baba ana wenzake tisa, wote hawaoni, wote wana simu za aina moja. Wana kundi lao la kutumiana ujumbe wa sauti. Mfumo mkubwa ukitoka hakuna anayekurupuka. Mmoja wao anauweka kwanza, anakaa nao wiki nzima, kisha anawaambia wenzake palipo pazuri na palipo na shimo. Safari hii zamu ilikuwa ya Shangazi Kengele, mkandaji wa misuli kwenye kliniki moja. Hana undugu nasi wa damu, ila ananigombeza kuliko mashangazi wa damu. Jina la Kengele alipewa kwa sababu ya kicheko chake, ambacho hufika kabla yake. Ana simu mbili, kwa hiyo moja ikikorofisha anayo nyingine.

"Wiki moja tu," baba akaniambia. "Wiki si mwaka."

Kwangu mimi ilikuwa mwaka! Shuleni nilikuwa kwenye timu ya chemsha bongo, na mwalimu alikuwa ametuelekeza programu ya kufanyia mazoezi nyumbani. Simu ya mama ni ya vitufe. Ya baba ilikuwa inaikataa programu ile: "Simu yako inahitaji mfumo mpya." Wenzangu walikuwa wameshafika hatua ya tano. Mmoja wao, tunayemwita Profesa kwa ujuaji wake, alinicheka mbele ya timu nzima. "Simu ya baba yako inatumia kuni au mkaa?" akasema, na watu wakaangua kicheko. Nilitamani kumrukia.

Jumamosi nikamwendea baba tena. "Baba, kila mtu ameshaweka!"

"Kila mtu anaona, mwanangu. Akikosea ataona alipokosea, atarekebisha. Mimi nikikosea simu inanyamaza, na mimi nabaki kuipapasa tu. Nimesema tusubiri. Basi."

Nikaondoka nimeuma meno. Sikuwaza simu ya baba ikinyamaza. Niliwaza kicheko cha Profesa.

Jumapili mchana baba alivuka barabara kwenda kwa jirani kusikiliza mpira redioni. Mama alikuwa kazini kwake, kwenye tanuri la mikate. Simu ilikuwa mezani inachajiwa. Namba ya siri niliijua, maana baba alinipa mwenyewe, ili siku akizidiwa nipige simu kuita msaada. Nilisimama pale nikiitazama. Nikasema moyoni, na naandika hapa kama nilivyosema: haoni, hatajua.

Nikabonyeza "Sakinisha sasa". Simu ikaniuliza namba ya siri. Nikaiweka. Ikaniuliza tena kama nina uhakika, ikataka namba mara ya pili. Nikaiweka tena. Ikazima, ikawaka, ikazima, na baada ya karibu nusu saa ikaanza kuniletea kurasa: karibu, soma hapa, chagua hiki, kubali kile. Nani ana muda? Chini ya kila ukurasa paliandikwa "Ruka". Niliruka zote kama mtu anayekimbizwa.

Jamani, ilipendeza! Rangi zilikuwa zinameremeta, na programu ya chemsha bongo ikaingia bila ubishi. Nilijibu maswali ishirini nikapata kumi na saba. Nilimwazia Profesa, nikacheka peke yangu.

Kisha nikagundua simu haijasema neno tangu iwake, nikataka kuirudishia sauti yake. Nikagusa kioo. Kimya. Nikatafuta kwenye mipangilio, lakini hakuna kilichokuwa mahali pake. Vyote vilikuwa vimehamishwa. Mwishowe nikapata sauti fulani, nayo ikaanza kusema lugha ya kigeni, taratibu, kama mtu mwenye chakula mdomoni. Nikaizima kwa hofu. Nje nikasikia fimbo ya baba ikigonga saruji. Nikairudisha simu mezani, waya upande wa kushoto kama alivyouacha, utadhani shida ilikuwa waya.

Baba aliingia anaimba, timu yake imeshinda. Akaichukua simu, akatelezesha kidole. Akagonga. Akatelezesha tena. Wimbo ukakatika.

"Mkizi! Nani ameshika simu yangu?"

"Sijui, baba."

"Mbona haisemi?"

"Labda... labda ule mfumo umejiweka wenyewe."

Akasimama kabisa. "Umejiweka? Bila ruhusa yangu?"

"Ndiyo, baba. Hata shuleni wanasema siku hizi inajiweka." Uongo haupendi kukaa peke yake, huita wenzake.

Baba aliamini, na alipoamini aliwaka. Alipiga meza kwa kiganja hadi vikombe vikaruka. "Hawa watengenezaji wana adabu gani? Simu ni yangu, nimeinunua kwa jasho langu, halafu mtu aliye sijui wapi anaingia ndani anahamisha vitu kama kwake!" Mama aliporudi, baba alimwomba simu yake ya vitufe, akapiga namba ya Shangazi Kengele ambayo anaijua kwa kichwa. "Waambie wenzetu wote wazime intaneti," akasema. "Mfumo unajiweka wenyewe. Mimi umeshaniwahi."

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nilisikia kila neno, na nikafunga mdomo.

Jumatatu baba alikwenda kazini bila orodha. Alirudi jioni uso umemkunjamana, akavua koti, akamweleza mama huku anazunguka sebuleni.

"Nimesomewa kama mtoto wa chekechea! Nimempa karani simu anisomee zamu. Amemaliza zamu, akaendelea kusoma na ujumbe wako, mama watoto, ule wa kunikumbusha dawa ya vidole vya miguu. Mbele ya watu! Wamecheka. Na msimamizi mpya ameniita pembeni. Amesema ananipa hadi Ijumaa. Kama siwezi kusoma zamu mwenyewe, meza atapewa mwingine, mimi nikakunje bandeji stoo."

"Hukumpitia fundi simu?" mama akauliza.

"Nimempitia! Ameishika, ameigeuza, ananiambia, 'Mzee, simu yako nzima, tena inang'aa!' Inang'aa! Kung'aa kunanisaidia nini mimi?"

Damu ilinichemka. Nilimchukia karani, nikamchukia msimamizi, nikamchukia fundi, nikaichukia na simu yenyewe. Nilimkasirikia kila mtu duniani isipokuwa aliyestahili. Mara mbili nilifungua mdomo niseme. Mara mbili nikaufunga, na chakula sikukimaliza.

Jumanne alasiri mlango ukagongwa kwa fimbo, ngo! ngo! ngo! Alikuwa Shangazi Kengele, na safari hii kicheko hakikumtangulia.

"Uko wapi?" akamwuliza baba, hata salamu hakutoa. "Jana nimesimama nje ya kliniki saa mbili nzima, mvua inaninyea. Kumbe walituma ujumbe kwamba umeme umekatika na hawafungui. Ningeupataje, na intaneti nimeizima kwa tahadhari yako? Wenzetu wanane wote wamezima. Mwalimu wa muziki amekosa wito wa kazi aliyokuwa akiisubiri tangu mwaka jana!"

"Nimewatahadharisha kwa nia njema," baba akasema.

"Nia njema naijua, ndiyo maana nilikuamini kabla sijafikiri. Sasa nisikilize. Kwenye ile simu yangu ya pili mfumo huo ninao tangu Jumatano. Haujiweki! Umeniuliza namba ya siri mara mbili ndipo ukakubali. Namba yako anaijua nani?"

"Mimi na binti yangu."

"Basi."

"Basi nini?" Baba alisimama. Sijawahi kumsikia akiongea na rafiki yake kwa sauti ile. "Binti yangu nilimwuliza, akaniambia hajui. Huyu ndiye anayenisomea barua. Huyu ndiye anayeniambia shati langu lina doa wakati watu wazima wananyamaza wanacheka chinichini. Hajawahi kuniambia jeusi ni jeupe. Kama umekuja nyumbani kwangu kumwita mwanangu mwongo, mlango unaujua ulipo!"

Shangazi Kengele akapapasa ukutani, akaipata fimbo yake, akageuka kuelekea mlangoni. Urafiki wa miaka ishirini ulikuwa unatoka nje kwa sababu yangu, na baba alikuwa amesimama katikati ya sebule ananitetea.

"Ni mimi!" nilipiga kelele, utadhani mimi ndiye niliyekosewa. "Ni mimi, baba. Niliuweka mimi!"

Baba akaugeuza uso taratibu hadi ukaelekea sauti yangu. "Rudia."

"Niliuweka mimi. Jumapili, ulipokwenda kusikiliza mpira."

"Kwa nini?"

Nikamweleza chemsha bongo, programu, kicheko cha Profesa. Hata mimi mwenyewe niliona sababu zangu zinavyopungua kila nikitaja moja.

"Hizo ni sababu za kuutaka," baba akasema. "Mimi nauliza kilichokupa ujasiri wa kuuweka. Nilikwisha kukataza. Ulijiambia nini?"

Nilitazama miguu yangu. Ningeweza kutunga lingine. Nilikuwa nimechoka kutunga.

"Nilisema... haoni, hatajua."

Hakupiga meza. Afadhali angepiga. Alikaa chini, akaanza kuongea polepole, na kila neno lilikuwa na hasira ndani yake.

"Dukani huniambia hivyo, wakanipa chenji pungufu. Sokoni huniambia hivyo, wakanifungia matunda yaliyooza. Tangu nina miaka tisa watu wananiambia hivyo moyoni, na mimi nawasikia. Nikifika hapa nyumbani navua koti na nasema, sasa nimepumzika. Humu hakuna wa kunifanyia hivyo. Humu!" Sauti ikapanda ghafla, mkono ukaruka, kikombe kikaanguka kikavunjika. Nikainama niokote vipande.

"Usiguse!" akanguruma. "Usiguse kitu chochote!"

Nililia. Sikulia kwa kuonewa, maana sikuwa nimeonewa. Nililia kwa kujichukia.

Shangazi Kengele ndiye aliyetuamua. Aliiegemeza fimbo ukutani, akagongana na kiti, akakalia hicho hicho. "Hasira zenu zina haki yake, ziacheni zikae hapo, hatuzifukuzi. Lakini Ijumaa haisubiri mtu. Leteni simu. Nawe Mkizi, keti karibu yangu, mikono mgongoni. Tunataka macho yako tu."

Nikakaa, mikono mgongoni. Yeye akawa anagusa, mimi nasoma kila neno lililotokea kwenye kioo, hata nukta nisiipite. Zile kurasa nilizoziruka aliziita upya moja baada ya nyingine. Kwenye ule wa tatu paliandikwa hivi: "Je, unatumia sauti ya kusoma? Gusa hapa ili mipangilio yako ihamie kwenye mfumo mpya." Ulikuwa mstari mmoja tu. Nilikuwa nimeuruka nao.

"Soma tena," baba akasema kutoka kwenye kiti chake. Nikausoma tena, na masikio yaliniwaka.

Saa tatu zilipita hadi simu ikafungua mdomo na kusema kwa ile kasi yake. Hata hivyo mfumo ukishapanda haushuki. Namna ya kufungua ujumbe ilikuwa imebadilika, na namna ya kurudi nyuma pia. Baba ilibidi ajifunze upya. Akikosea anafoka, akifoka anakosea zaidi. "Pole pole!" Shangazi akamwambia. "Kidole si nyundo, na kioo si msumari." Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza siku ile. Baba hakucheka, ila alilegeza mkono.

"Sasa wale wanane," Shangazi akasema. "Nitawapigia simu wawashe intaneti, lakini ukweli atawaambia nani?"

"Atakayewaambia ni aliyewadanganya," baba akajibu.

Akanishikia simu karibu na mdomo, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Nilisema mimi ni nani. Nilisema mfumo haujiweki, kwamba niliuweka mimi kwa siri na kumdanganya baba, na yeye akawatahadharisha bila kujua. Nilisema nisameheni. Majibu yalikuja moja moja, na simu iliyatoa yote kwa sauti, hakuna lililofichwa. Mmoja alisema nichapwe. Mwalimu wa muziki alisema, "Kazi ile imekwenda, binti. Sina la kukuambia leo. Labda wiki ijayo." Hilo liliniuma kuliko la kuchapwa.

Jioni ile ile niliifuta programu ya chemsha bongo mbele ya mama. Shuleni nilimweleza mwalimu kwamba sina simu ya kufanyia mazoezi, akaniandikia maswali kwenye daftari. Kumbe ningeweza kumwambia hivyo tangu mwanzo.

Jumatano na Alhamisi baba alifanya mazoezi asubuhi na jioni. Mimi hakuniambia zaidi ya "pisha" na "asante". Ijumaa alikwenda kazini kifua mbele. Msimamizi alisimama nyuma yake, baba akaiacha simu isome orodha nzima kwa kasi yake ya kawaida.

"Sijaelewa hata neno moja," msimamizi alisema.

"Meza si yako," baba alimjibu, kisha akamtajia madaktari wote wa zamu na namba zao, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea. Meza ikabaki ya baba.

Alitusimulia hayo jioni akivua koti. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilisimama kando, sikujua kama nina ruhusa ya kufurahi. Mama alipokwenda jikoni, baba akaniita nikae mbele yake.

"Kukasirika si kosa, mwanangu. Mimi nimekasirika wiki nzima na bado sijamaliza. Kutaka kitu upesi nako si kosa, wewe ni mtoto. Kosa lako ni kwamba ulikitafuta kile nisichokiweza, ukakifanya mlango wa kupitia. Kila mtu ana kitu asichokiona. Mama yako hakioni kinachotendeka akiwa kazini, mwalimu wako hakioni akigeukia ubao. Mwaminifu ni yule ambaye hapo hapo usipomwona bado ni yule yule. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Simu tumeirekebisha kwa saa tatu. Mimi na wewe itatuchukua muda mrefu zaidi, na sitakudanganya kwamba leo yamekwisha." Akaitoa simu mfukoni. "Sasa nabadilisha namba ya siri. Geuka."

Nikageuka, nikautazama ukuta.

"Umegeuka?"

"Nimegeuka, baba."

Hakuwa na njia ya kujua. Mama alikuwa jikoni, hatua nne tu kutoka pale, na angeweza kumwita aje athibitishe. Nilingoja nisikie akimwita. Hakumwita. Nikasikia kidole chake kikigonga kioo, mara sita, na simu ikasema mbiombio kwamba namba ya siri imebadilishwa. Mimi nilikuwa bado nautazama ukuta.